Maksai kwa Shahada

Motta, Tikimti 10

Mwanangu Desalegn,

U mzima? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe, ila mama yako na goti lake.

Dada yako Yeshihareg ameposwa, harusi ni mwishoni mwa mwezi wa Tiri. Wakwe ni watu wa kuulizauliza. Nikawaambia kaka yake amemaliza chuo kikuu cha serikali, sasa anajenga barabara za Addis Ababa. Baba mkwe akacheka, eti siku hizi kila mtu ana mtoto injinia. Basi njoo na shahada yako, ile yenyewe, si nakala. Nataka kuitundika ukutani tumzibe mdomo.

Baba yako,
Tazebew

Addis Ababa, Hidari 3

Baba,

Nabusu magoti yako na ya mama. Mimi sijambo. Mpe Yeshi hongera.

Shahada haiko kwangu, baba. Chuo kinaishikilia mpaka nimalize deni la masomo. Mkataba tuliusaini wote siku ya kwanza, hata kuusoma hatukuusoma. Zimebaki birr elfu sita, na ninachopata kinaishia kwenye chumba na chakula. Waambie wakwe nimebanwa na kazi. Nakuomba sana, usiuze kitu kwa ajili yangu.

Mwanao,
Desalegn

Motta, Tahisasi 20

Mwanangu,

Hujambo? Huku baridi imezidi, lakini tunaamka.

Nimemuuza Dama. Usinigombeze, maksai ni wangu. Aliyebaki nitamfunga nira moja na wa jirani Mezgebu, tutalima kwa zamu. Fedha niliileta mwenyewe huko mjini, maana nilitaka pia kuiona ofisi yako. Mlinzi wa ofisi ya barabara hakukujua. Akanielekeza mtaa wanakotandika mawe, eti huko ndiko wanakopelekwa waliomaliza chuo. Nilifika, sikukuona. Pengine ulikuwa umetumwa mahali. Fedha nimemwachia Etenesh, mama muuza chai wa pale. Alisema anakufahamu.

Tafuta gunia ufunge magoti. Baridi ya mawe ikishaingia kwenye mifupa haitoki.

Baba yako,
Tazebew

Addis Ababa, Tiri 8

Baba,

Nabusu magoti yako. Natumaini mama anatembea vizuri.

Mama Etenesh alinipa fedha zote. Shahada nimeitoa, nikazunguka nayo ofisi tatu. Moja ilinipa nafasi ya ukarani, kwa mshahara usiofika nusu ya ninachopata kwenye mawe. Nimebaki kwenye mawe. Nitakurudishia Dama kidogo kidogo, hata ikichukua miaka. Shahada ni hiyo ndani ya bahasha, itundike kabla wakwe hawajafika.

Baba, siku ile sikutumwa popote. Nilikuona tangu ulipokata kona, na shuka yako na fimbo. Nikainamisha kichwa, nikawa nagonga jiwe lililokwisha kaa sawa, nikiomba usinitambue. Ulisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu. Nilipoinua uso ulikuwa umeshaondoka, na sikukukimbilia. Umeuza maksai, umesafiri siku mbili, na mimi mwanao sikukupa hata maji ya kunywa. Naona aibu, baba, na si kwa ajili ya mawe.

Najua uliniona. Ukija tena usinihurumie. Niite kwa jina, mbele ya wenzangu wote. Nitasimama.

Mwanao,
Desalegn