Tulivyomwamkia Mpasua Mbao

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa barua ya kutoka bwenini. Mimi mzima, ila shangazi yako amehamia Makandana, na nyumba imebaki na mimi na mvua.

Unauliza sisi watoto tuliwezaje kuuokoa ule mti mkubwa wa chemchemini. Miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wapasua mbao walimiminika kwetu Nkunga. Mmoja alikuja na msumeno tukiwa tunachota maji ya shule. Kumzuia kwa nguvu tusingeweza. Basi tukachuchumaa njiani, darasa zima, tukamwamkia mmoja mmoja, kila mtoto akimuuliza habari za mke, za ng'ombe, za migomba. Mtu wa kwetu haruki salamu ya mtoto. Alijibu zote, uso umemvimba, mpaka mvua ikashuka, akaondoka bila kukata. Kesho yake tukamwamkia tena. Baada ya hapo hakurudi.

Mti bado upo. Wenzangu wengi hawapo, na watu sasa wanachota bombani. Njia ile naipita bila kuamkiwa na mtu.

Ukija likizo, usinitupie shikamoo mlangoni ukapita. Niamkie kama tulivyomwamkia yule bwana, taratibu, mpaka mvua inyeshe.

Bibi yako