Mashine ya Kusoma Karte Yenye Balitia Mafuta

Lubumbashi, Naviundu

Mama,

Jambo sana. Munalamuka namna gani kule Kongolo? Macho iko namna gani? Na mugongo? Wewe mudogo wangu mwenye kusomea Mama hii barua, soma polepole, na usiruke fasi yenye haikupendeze. Mimi mwili iko muzima. Roho njo haiko muzuri.

Mutauliza juu ya nini sikusema ku simu. Kila mara munapiga, Mujomba anaweka haut-parleur juu bote basikie, anaikala pembeni, anacheka na sisi. Nitasema nini pale? Nasema "tuko bien, Mama," basi. Hii barua nitaipa shofere wa kamyo mwenye anakuya kule kwenu.

Munajua kazi yenye aliniitia. Bakijana ba soko banaweka nyimbo na mahubiri mu karte za simu za bantu, zile ndogo za kuchunga sauti na picha. Kile kintu ya kusoma karte, yenye banachomeka ku ordinateur mu tundu ya USB, inatoka mbali na inakufa mbio. Mujomba akasema tutafanya yetu, juu mimi nilisoma électronique. Nilichora njia za courant ku karatasi, nikaiweka ku kipande ya shaba, nikapitisha pasi ya nguo juu yake wino ihamie, nikatia mu dawa yenye inakula shaba. Mashine ikasoma karte, lakini karte ikapata moto. USB inatoa courant mingi, karte inaomba kidogo, na kintu ya kupunguza courant yenye niliweka haikuwa na nguvu. Nikamwambia Mujomba, bado.

Yeye hakungoja. Akaipeleka ku groupe ya maombi. Bakaiombea, mama mumoja akaitia mafuta, na mafuta ikaingia mpaka ndani ya mulango ya karte. Toka ile siku Mujomba anakataza niifungue.

"Kintu yenye imebarikiwa unaifungua kutafuta nini? Unaona maombi yetu haitoshe?"

Na ni yeye njo alisema nitaenda kuwaona wakati mashine itatumika. Sasa nitaitengeneza namna gani bila kuifungua? Nilikasirika mpaka chakula ilinishinda.

Siku moja akaenda centre-ville. Nikatoa vis zenye zinafunga mashine, nikapangusa mafuta, nikabadilisha kile kintu ya courant, nikafunga. Kurudi kwake tukaweka karte ya chorale. Nyimbo yote ikatoka, na karte ilikuwa baridi. Mujomba akapiga magoti, akalia.

"Unaona maombi?"

Nikabeba sac yangu ya safari, nilikuwa nimeshaifunga. Akanishika ku bega.

"Unaenda wapi sasa? Bantu ba soko nimeshabaahidi mashine ingine. Nani mwingine anajua kufanya hii?"

Mama, nimefungwa. Mulango iko wazi, naingia na natoka, lakini nimefungwa. Dawa ya macho yenu inatoka ku mukono yake. Na kutoka mu nyumba ya mujomba bila yeye kukubali, munajua namna kwetu banaiona. Nikibakia, munganga wa hospitali alishasema macho yenu haitangoja. Nataka munione, Mama. Si ku picha. Munione mimi.

Ile siku nilitaka kumwambia hivi hivi, nikarudisha sac mu chumba. Lakini nyinyi njo yaya yake, dada yake mukubwa. Nyinyi njo mulimubeba ku mugongo. Hata leo mukikaza sauti anaitika "ndiyo, yaya" kama mutoto, hata kama bibi yake mwenye alioa iko pale.

Musalimie nkambo, na baba mudogo mwenye kushona nguo, na bibi ya kaka yangu na batoto bake bote. Musibaambie bintu nimeandika. Baambieni tu natumika muzuri.

Kisha mumupigie Mujomba. Musimuulize habari ya mashine, atawasimulia mpaka unité ya simu inaisha. Museme tu: mudogo wangu, nirudishie mutoto, ningali naona.

Mutoto wenu,
Ilunga