Chupa ya kuzima moto yenye saini mbili

Délice, miye sijui nicheke ao nilie.

Leo mukaguzi wa majengo alifika ku atelier yetu ya kushona hapa Kimanga. Patron wetu wa kazi hana chupa ya kuzima moto, basi akakimbia kuazima ile ya hoteli ya jirani.

Mukaguzi akaigeuza. Ku karatasi ya ile chupa kulikuwa saini yake mukaguzi mwenyewe, aliitia kule hoteli leo asubui.

Aliiona. Délice, nakuambia aliiona kabisa. Kisha akatia ingine chini yake.

Nikamuambia mulango wa nyuma iko na kufuli. Akaniuliza: "Mama, weye ni mushonaji ao mukaguzi?"

Tuko bamama kumi na tano mu ile nyumba. Ufunguo iko Bujumbura, ngambo ya mupaka, na mwenye nyumba.