Sauti ya Chaki

Dada yangu,

Huku hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na mwanao anakula kama mchwa.

Najua umesema nimrudishe nyumbani muhula ukiisha, maana ameshika mkia tena darasani. Lakini sikia la jana. Nilikuwa naandika hesabu ubaoni, nikageuka, nikamwona kule nyuma amefumba macho.

"Unalala kwenye kipindi changu?"

"Nasikiliza, Mamdogo. Samahani, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Unasikiliza nini, nami sijasema kitu?"

"Chaki. Umeandika arobaini na saba, ukazidisha kwa kumi na nane."

Ndivyo nilivyoandika. Nikajaribu nyingine, nikiuziba ubao kwa mwili. Akataja kila tarakimu.

"Saba ina mikwaruzo miwili," alisema. "Nane inazunguka bila kituo."

"Kwa nini hutazami?"

"Kutoka hapa ubao ni ukungu mtupu. Nilidhani na wenzangu wanasikiliza."

Dada, miaka yote hii amesoma kwa masikio, nasi tukamwita mzito! Nilishindwa kuendelea na somo.

Jumatatu nampeleka kupimwa macho. Simrudishi. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapa hapa, umwone.

Mdogo wako akupendaye