Ree Mbili Ulizozisukuma kwa Jina la Baba

Araxá, Minas Gerais,
Brazili.
Jumanne, 19 Januari 2016

Mpendwa mdogo wangu Gilmar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ureno, na kwamba kile kikohozi cha Krismasi kimekuachia. Sisi huku tuko salama. Mvua haijakata wiki nzima na ukuta wa jikoni umeanza tena kuvimba upande wa sinki. Presha ya Baba imetulia, anameza dawa zake bila kubembelezwa. Watoto wangu wako likizo na wanamaliza kila kilichomo kwenye friji.

Hizo ndizo salamu. Sasa nisome vizuri, maana nimekasirika. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza katikati ya sentensi, kama kawaida yako.

Ijumaa ulinitumia ujumbe ukiuliza kama naona yale mashindano ya poka ya mtandaoni, ya kupanda ngazi kwa ngazi, hayo mnayoyaita satelaiti, yana faida yoyote, na kama ninaweza kumshawishi Baba aanze tena ili mshirikiane. Halafu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, ukaongeza kwamba ile Jumapili ya mwezi wa sita ulipata ree mbili ukasukuma sarafu zote mezani, na hesabu ilikuwa upande wako, ila bahati ikakataa.

Kumbe ulisukuma wewe. Niliusoma mstari ule nikiwa kwenye foleni ya benki, nikatoka kwenye foleni nikaenda kukaa nje kwenye ngazi za jengo, mvua ikininyeshea magotini.

Tangu mwezi wa sita sisi sote tumeamini ni Baba.

Wewe ulikuwa mbali, hukuona alivyopanda. Ulimfungulia akaunti kwa jina lake, ukamfundisha kwa simu, ukaenda zako kazini. Mimi ndiye niliyekuwa namwona. Ngazi ya chini kabisa kiingilio chake kilikuwa senti tu, na mshindi hapewi pesa, anapewa tiketi ya ngazi ya pili. Ya pili inakupa tiketi ya tatu. Alikuwa akifika ya tatu anaanguka, anarudi chini kabisa na kuanza upya, wala hanuni. Tangu Mama afariki Baba alikuwa hanyoi ndevu Jumapili. Alipoanza michezo ile akawa ananyoa na kuvaa shati lililopigwa pasi, ilhali hakuna anayemwona kwenye ile kompyuta.

Na unajua alichokuwa anakitaka. Miaka yote aliyoendesha basi la São Paulo alilala kwenye kiti cha dereva au kwenye benchi la stendi. Tiketi ya ngazi ya mwisho ilikuwa na kiti kwenye mashindano makubwa pale São Paulo, pamoja na chumba cha hoteli. Aliniambia, "Ivonete, nataka niingie mlango wa mbele, nikabidhiwe ufunguo, niulizwe kama nataka mto mwingine." Hakuniambia chochote kuhusu kushinda.

Siku ile walibaki wachezaji kumi na mmoja, na viti vilikuwa kumi. Wa kwanza na wa kumi wanapata kitu kilekile. Baba alikuwa wa nne kwa sarafu za mchezo, na kuna masikini mmoja mkiani aliyekuwa amebakiza za kuchezea raundi moja tu. Baba alinieleza mwenyewe nilipompelekea kahawa: kilichobaki ni kutupa karata, hata zikija nzuri namna gani, mpaka yule wa mkiani atoke. Nikarudi jikoni kuangalia mikate ya jibini. Haja ndogo ikambana Baba, na wewe unajua umri ule haubembelezeki. Wewe ulikuwa kwenye simu na nywila yake unayo. Nilikusikia kwenye spika ukimwambia, "Nenda Baba, mimi nitakuwa natupa tu."

Natupa tu. Hayo ni maneno yako.

Nilipotoka na sahani nilimkuta amesimama nyuma ya kiti, mikono bado ina maji. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinaonyesha amemaliza nafasi ya kumi na moja. Simu ilikuwa imekatika. Nikamuuliza kumetokea nini, akasema, "Tamaa. Nimeona ree mbili nikasukuma zote, mwenzangu mwenye tisa mbili akapata ya tatu." Akachukua mkate mmoja, akaula wote akiwa amesimama, akaenda kulala mchana peupe.

Alisema hivyo bila kusita hata kidogo, Gilmar. Alikuwa ameshaamua kukubeba kabla mimi sijafika sebuleni.

Sasa ngoja nikueleze alichobeba. Pale kwenye duka la mikate la Bi Zilda, anakokunywa kahawa kila asubuhi, Juvenal muuza nyama alimpa jina la Mzee Sukuma. Akiagiza kahawa: "Taratibu Mzee Sukuma, usiimimine yote." Akinunua mikate: "Chukua kumi tu, wa kumi na moja hapati." Watu wanacheka, na Baba anacheka nao. Nilidhani amezoea. Mwezi wa tisa akaanza kwenda duka la mbali, kule kwenye mlima, na goti lake lile. Kompyuta ameifunika kitambaa cha meza cha Mama.

Umeuliza kama yana faida. Kwa pesa hayana. Mtu anashinda mara tatu mfululizo na mfukoni hana hata nauli ya basi, ana tiketi ya kwenda kutafuta tiketi. Wanaoangushwa njiani ndio wanaolipia kiti cha anayefika, na mwenye mtandao anachukua chake kila ngazi. Lakini Baba yalimfaa, na ndiyo maana nashindwa kukusamehe. Angepoteza kwa mkono wake mwenyewe ningesema ni mchezo. Wewe ulikuwa na kazi moja tu ya kutofanya kitu, ukashindwa, kwa sababu hukuweza kuona karata nzuri ukaziacha zipite. Halafu ukakata simu.

Jumamosi nilimshika Baba mkono nikampeleka kwa Bi Zilda kwa nguvu. Juvenal alipoanza tu, nikasema mbele ya wote: "Siyo yeye aliyesukuma. Ni Gilmar. Mzee alikuwa msalani." Juvenal akaweka kikombe chini akasema, "Samahani, Mzee Anésio." Nilidhani nimemtua Baba mzigo.

Tulipofika barabarani aliniachia mkono. "Nani alikutuma?" akaniuliza. Nikamwambia nimechoka kuona anachekwa. Akasema, "Mimi nachekwa niko hapa, naenda nyumbani, nalala. Yeye akija hapa kutembea, sasa ataingilia mlango gani?" Tangu hapo hajasema nami. Chakula anakula, sahani anaosha, ananipita kama kabati.

Kwa hiyo uliyekosa ni wewe, na anayeadhibiwa nyumba hii ni mimi. Usinitumie ujumbe wa kunipoza. Mpigie Baba, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulivunja ahadi, na usitaje hesabu wala bahati. Na hilo la kuanza tena usilifungue kabisa.

Mume wangu Valdeci anakusalimu, na Shangazi Neide pia, anauliza kama umepata mchumba huko. Watoto wanasema mjomba asisahau jezi. Mungu akulinde kazini na akurudishe nyumbani ungali na aibu usoni, maana mtu mwenye aibu bado anatengenezeka.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi hii Baba alipopita hapa mezani. Akasimama, akaangalia bahasha. Maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi ni haya: "Unamwandikia? Mwambie avae sweta ndani ya koti. Kile kikohozi chake ni cha kifuani."

Nimekuambia.

Dada yako anayekupenda, na leo kwa shida,
Ivonete