Chumvi ya Kasimiri

Kasongo, hospitalini

Mama yangu mpenzi wa Wamaza,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu kubwa ya kukuona. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Yule mbuzi mkorofi amekwisha kuzaa? Sisi huku tupo, ila siwezi kukuambia kwamba tu wazima. Mwalimu wa kanisa anayekusomea barua hii namwomba asome polepole, asiruke neno kwa kukuhurumia.

Mdogo wangu Kasimiri hajapona. Uso umevimba, macho hayafunguki vizuri, na miguu imejaa maji. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mkojo unatoka kidogo sana. Kazi yangu ni kuupima kwenye chupa na kumwonyesha Sista, mtawa wa kizungu anayetunza wagonjwa wa chumba chetu. Maji ya kunywa nampa kikombe kidogo tu, na akilia kiu namlowesha midomo kwa kitambaa. Anajikuna mpaka damu, nami nampaka mawese. Yule kapita anayesimamia mashamba ya pamba, aliyemwita mvivu mbele ya watu angekuja aone. Kumbe mtoto alikuwa analima na mafigo yamekwisha kuharibika.

Sasa nikueleze habari ya chumvi. Nilikuandikia kwamba Sista amemkataza chumvi. Wewe ukafikiri kama nilivyofikiri mimi, kwamba inayokatazwa ni ile ya duka, ya wazungu. Ukaingia mtoni kukata majani, ukayachoma, ukachuja majivu, ukachemsha, ukatuletea chumvi yetu imefungwa katika jani la mgomba, kwa mkono wa mjomba Saidi. Nilifurahi, nikatwanga majani ya muhogo, nikaitia katika sombe. Kasimiri alikula kuliko siku zote, akalamba vidole, akasema leo nimeacha kupika kama mwanamke aliyefukuzwa na mume. Tulicheka sana.

Baada ya siku chache akavimba zaidi, pumzi ikambana. Sista akaja kule nyuma tunakopikia sisi tunaolinda wagonjwa, akaonja chungu changu. Nilimweleza bila wasiwasi kwamba chumvi ile si ya duka.

“Iko mubaya vilevile,” akasema. “Mafigo yake haijue duka wala mto.”

Akaimwaga yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Mama, usijilaumu. Daktari amesema ugonjwa huu ulianza zamani, kabla hatujaujua, na hapa hana dawa ya kuurudisha nyuma. Wewe ulituma kwa upendo, mimi nikapika kwa upendo. Lakini moyo wangu umechoka. Nasali kila jioni na sioni kitu.

Tangu hapo amekula bugali na sombe isiyo na ladha, na mara nyingi anasukuma sahani. Jana daktari alimpima, kisha wakasema Kifaransa na Sista kwa muda mrefu. Sista akanifuata jikoni.

“Toka leo umupikie kitu anapenda,” akaniambia.

Nikamwuliza, hata chumvi?

“Hata chumvi.”

Nilielewa, Mama. Nilikaa chini kando ya moto na nikalia mpaka mboga ikaungua. Nilipompelekea Kasimiri habari, yeye akafurahi, akajiinua kitandani.

“Unaona, yaya, dada yangu? Niko napona. Uandikie mama alete chumvi yake, ya hapa sitaki.”

Nikamwambia ndiyo, nitaandika. Mengine sikuweza kumwambia.

Nisalimie mume wangu Petro, avumilie na watoto. Nisalimie shangazi Mwamini aliyembeba Kasimiri mgongoni alipokuwa mdogo. Asali naye, labda yeye atasikilizwa. Na mjomba Saidi, ndugu yako, mwambie atengeneze baiskeli yake akubebe. Maana chumvi hiyo, Mama, usimpe mtu tena. Ilete wewe mwenyewe, upesi, hata kama ni kidogo. Kila mtu anayeingia chumbani kutoka upande wetu wa Kabambare, Kasimiri anamtazama mikono.

Ni mimi mtoto wako, niliye kando ya kitanda chake,

Feza