Taulo ya Kumi na Tatu

Boyet, uko wapi? Nimetoka uwanjani sasa hivi.

Si unamkumbuka Mzee Dencio, mtunza taulo wa timu yetu? Msimu ulianza tukafungwa mechi tatu mfululizo, kisha akafa. Tulipotoka msibani kwake mjini Marikina, basi likatupeleka moja kwa moja mazoezini. Moja kwa moja, Boyet! Hatukupita popote kwanza, hata mkahawani, kama mila yetu inavyotaka ili marehemu apotee njia asitufuate.

Tangu siku hiyo tumeshinda nne. NNE!

Na kila mechi tunakuta taulo kumi na tatu benchini, zimekunjwa pembetatu kama alivyokunja yeye. Wachezaji tuko kumi na wawili.

Leo nikamwambia kocha, "Tupite mahali tumwache." Akanikazia macho. "Thubutu uone! Utakaa benchi mpaka msimu uishe. Mwache mzee afanye kazi."

Nikachukua taulo yangu, nikaingia kucheza.

Sasa hivi mjane wake kanipigia. Hata halii. Kaniuliza tu, "Mwanangu, kila siku namwekea sahani yake mezani, na hajaja kuniaga hata mara moja. Mnaye huko?"

Nimemwambia hatunaye.